Watakuja Kukusamehe

Tongoni,
Jumatano, 5 Novemba.

Kwa shoga yangu mpendwa Imakulata, Mama Lea,

Nianze na salamu ya kwenu, Tumsifu Yesu Kristo, kisha niongeze ya kwetu, amani iwe juu yako na juu ya wote waliomo humo ndani, maana sikumbuki siku hata moja ambayo wewe na mimi tulishindwa kuamkiana. Hujambo? Lea hajambo? Naamini kile kikohozi chake cha masika kimekwisha na sasa anawasumbua walimu wa Pongwe kama alivyowasumbua wa huku. Mgongo wa mumeo Castory unaendeleaje? Mama Bibiana mpe shikamoo yangu, mwambie dawa yake ya miguu bado naitumia. Miguu inazidi kuuma, lakini dawa haina kosa.

Sisi huku hatujambo. Hafsa wangu ameolewa mwezi wa saba, yuko Usagara kwa wakwe zake, na mama mkwe anamsifu mpaka naanza kuwa na wasiwasi. Mimi mwenyewe mwili ni mzima. Nasema mwili.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Nimepiga namba yako mpaka nimechoka kuambiwa haipatikani, nikajua umebadilisha laini, na sikulaumu. Lakini hata ningeipata mpya nisingepiga. Najijua. Ningeanza kwa utani, ungecheka, tungehamia kwenye habari za Lea na za Hafsa mpaka salio liishe, na nilichotaka kukwambia kingebaki kooni. Halafu kuna jambo jingine: nataka uwe na kitu cha kushika mkononi chenye jina langu chini yake. Nimempa fundi Noa, yule aliyekuwa akijenga na Castory, naye ameahidi kukukabidhi wewe mwenyewe kabla ya Jumapili. Kwa nini kabla ya Jumapili, utaona mbele.

Habari kubwa ni kwamba bwawa letu la kikundi limesimama. Ndiyo, lile lile. Tuta ni zima pande zote, lango linafunga, na ndani kuna samaki, mwatiko wa urefu wa kiganja na nusu. Asubuhi ukisimama kimya unawaona wanavyogeuka kwa makundi. Wiki ijayo, Alhamisi, tutavua kwa mara ya kwanza. Nilipomwona wa kwanza akiruka nilikutafuta pembeni yangu nikwambie, nikakumbuka kwamba haupo.

Ulipoondoka mwezi wa tatu uliacha shimo la matope. Sina haja ya kukusimulia siku yenyewe, lakini nitaandika hivi inavyosimuliwa hapa, ili tuwe tumekubaliana inavyosimuliwa. Inasemwa kwamba lilikuja lile bamvua kubwa la mwezi wa tatu, bahari ilipojaa kupita kawaida, katikati ya Ramadhani. Kawaida mwenye zamu anatoa mbao za lango maji yakipwa, ili bwawa libadilishe maji, na anazirudisha kabla ya saa nane mchana, kwa kuwa saa kumi bahari inakuwa imejaa. Jumamosi ile mbao hazikurudishwa. Bahari ikaingia kwa lango, ikajaa mpaka ikapita juu ya tuta, na ilipoanza kupwa ikaondoka na pima kumi na tano za tuta letu na samaki wote. Kwenye daftari imeandikwa mwezi kumi na tatu ni zamu ya Bi Asmahani, kumi na nne yangu, kumi na tano yako, kumi na sita ya Zuwena. Na Jumamosi ile, inasemwa, ilikuwa mwezi kumi na tano.

Kesho yake ukaja na kanga umejifunga kiunoni, tayari kwa zamu, ukakuta watu wamekaa chini wanalia. Siku ya kikao ulisimama, ukasema wewe mwezi wetu huujui, kama wenyewe tunasema ilikuwa kumi na tano basi ilikuwa kumi na tano, na kosa ni lako. Ukaomba radhi kwa kila mtu kwa jina. Zuwena akalikata jina lako kwa kalamu nyekundu huku umesimama. Wiki mbili baadaye Castory akafunga vyombo mkahamia Pongwe kwa mama yako Bibiana.

Tulibaki wanawake ishirini na mmoja. Wengi walisema yatosha, tumechimba mwaka mzima, Mungu hakupenda. Mimi nikakataa. Nilisimama kikaoni nikawaambia kwamba anayetaka kwenda nyumbani aende, mimi kesho asubuhi naanza na pima moja, na keshokutwa pima moja, na hata nikibaki peke yangu siku kumi na tano litakuwa limezibwa. Walinitazama kama nimepagawa. Asubuhi walikuja kumi na wawili, nadhani wengine kwa ajili ya kuona kama kweli nitakwenda.

Tukaziba. Siku ya kumi na sita tulipiga vigelegele, na wiki iliyofuata masika yakaingia. Unayajua masika ya huku. Mvua ya siku tatu ililainisha ule udongo mpya ukawa kama uji wa mgonjwa, ukaporomoka wote ndani ya bwawa. Wakabaki tisa. Bwana Sabiri wa uvuvi alikuja na buti zake, akatazama, akasema kwa upole kwamba pengine tungojee mwaka ujao. Nilimjibu vibaya, Mama Lea, nikamwambia mwaka ujao aje yeye atuchimbie. Baadaye nilimwomba radhi.

Mara ya pili tulingoja mvua zipungue, tukaziba tena, safari hii kwa viroba vya mchanga chini na udongo juu. Nilijiona fundi. Lilisimama wiki tatu. Wiki ya nne tukakuta maji yanachuruzika upande wa nje, kidogo tu, kama mtu anayetokwa na machozi asitake kuonekana. Kaa walikuwa wametoboa. Wanapenda mahali penye mchanga laini, nasi tuliwajengea nyumba. Tukaziba tundu moja wakafungua mawili, na bamvua lililofuata likaondoka na viroba vyote. Siku hiyo nililia mbele za watu, nikakaa kwenye matope na nguo zangu zote. Bi Asmahani akaniinua, akasema Zuleha, mwanangu, bwawa halikudai chochote. Nikamjibu kwamba linanidai. Akanitazama sana, akaanza kunipangusa matope.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo peke yake lingetosha kuniandikisha barua. Unakumbuka mwaka jana ulituambia tuchanganye udongo wa kichuguu na makapi ya mkonge? Ulisema marehemu babu yako alipokuja kukata mkonge, kule kambini walikandika nyumba kwa hivyo, na mvua haikuingia. Tulikucheka. Mimi ndiye niliyesema kwamba bahari si ukuta wa jikoni. Basi mwezi wa sita, nilipokwisha kushindwa kwa akili zangu zote, nilikwenda nikavunja kichuguu kilicho nyuma ya shamba la marehemu baba, nikachanganya na makapi yaliyokatwakatwa, nikatengeneza donge moja, nikalitia ndani ya karai la maji ya chumvi. Siku ya nne lilikuwa bado gumu. Siku ya tisa lilikuwa bado gumu.

Tukafanya hivyo. Tuliweka tabaka la unene wa kiganja, tukashindilia kwa miguu tukiwa tumeshikana mabega, tukaliacha likauke, kisha tabaka jingine. Kila mmoja alikuwa na pima yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuanza tabaka la pili kabla mwenzake hajamaliza la kwanza. Walioondoka wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakijifanya wamepita tu. Mwezi wa saba tukamaliza, na Bwana Sabiri akatuletea vifaranga wapya. Mabamvua manne yamepita tangu hapo, makubwa, na tuta halikutoa hata ufa. Kaa wamejaribu wamechoka.

Watu walipouliza akili ile imetoka wapi, wakasema ni Zuleha. Mimi sikusema imetoka kwa Imakulata. Siku ya kwanza nilisema moyoni nitasema kesho, na kesho yake ikawa imeshakuwa ya zamani, na jambo la zamani kulirekebisha lina aibu yake.

Tangu hapo sina pa kupumulia. Nimekuwa mwenyekiti, Bi Asmahani mwenyewe alivua kofia yake akanivisha. Kwenye njia ya kuingilia wameweka kibao, na Zuwena kwa mwandiko wake mzuri amechora BWAWA LA ZULEHA kwa rangi ya buluu. Kila asubuhi napita chini ya jina langu nikiwa na jembe. Mwalimu mkuu alinikaribisha shuleni niwaeleze watoto habari ya kutokata tamaa, na watoto wakapiga makofi. Imamu alinitaja Ijumaa moja bila kunitaja jina, kila mtu akajua. Hata wakwe wa Hafsa walisema wamefurahi kuoa kwenye nyumba ya mwanamke asiyeshindwa. Nikienda kisimani naambiwa nipite mbele. Nikikataa, wanasema tazama alivyo mnyenyekevu.

Nimejaribu kutoka. Mwezi wa nane nilisema naumwa miguu, wachague mwingine. Wakanijengea kibanda na kiti pale langoni ili niongoze nikiwa nimekaa. Mwezi wa tisa nilisema nakwenda kukaa na Hafsa Usagara. Hafsa akanirudisha siku ya tatu, akasema mama, watu wanakuhitaji. Kila mlango ninaoushika unafunguka kwenye chumba kile kile, na humo ndani watu wananipigia makofi. Kuna siku ninatamani tuta lipasuke ili wanitazame kwa macho mengine. Halafu nakwenda kulikagua pima kwa pima, naziba hata tundu la sisimizi.

Alhamisi ijayo wanakuja wageni. Watatoka mjini na wengine Dar es Salaam, na kamera, kwa kuwa Bwana Sabiri amepeleka habari zetu mbele. Nimepangiwa nisimame langoni nieleze jinsi mtu anavyojenga moyo wa kutoshindwa. Zuwena ameniletea karatasi nne tupu niandike hotuba. Nilikaa nazo siku mbili, na kila nilipoandika sentensi ya kwanza niliona ni uongo, hata iliposema karibuni tu. Karatasi hizo ndizo hizi unazozisoma.

Shoga yangu, sikulijenga lile tuta kwa moyo wa kutoshindwa. Nililijenga kwa hofu. Nilijiambia kwamba likisimama, litakuwa kama halikuvunjika, na kama halikuvunjika basi hakuna aliyelivunja. Kila pima niliyoshindilia nilikuwa nikijificha nyuma yake.

Jumamosi ile ilikuwa zamu yangu.

Ngoja nikwambie yote, kwa mpangilio, maana wewe dini yetu si yako na ulikubali kosa ambalo hukuwa na njia ya kulipima. Mwaka huu kijiji kilianza mfungo kwa siku mbili. Wanaofuata tangazo la mwezi ulioonekana nchi za nje walifunga Jumamosi. Sisi tunaongoja mwezi uonekane hapa hapa kwa macho tulifunga Jumapili. Kwa hiyo siku ile bwawa lilipovunjika, kwao ilikuwa mwezi kumi na tano, na kwetu ilikuwa kumi na nne. Daftari liliandika tarehe za mwezi tu, halikusema mwezi wa nani, kwa kuwa miezi mingine hakuna anayebishana.

Na wewe ulikuwa unahesabu kwa nani? Kwangu. Uliniambia mwenyewe tangu mwaka jana, tukacheka, kwamba siku ninayokataa uji wako wa asubuhi ndiyo unaiandika kuwa ya kwanza. Mwaka huu niliukataa Jumapili. Ulihesabu sawasawa, Imakulata, siku baada ya siku bila kukosea, ukafika kwenye zamu yako Jumapili kwa saa yake, na kanga kiunoni. Hukukosa. Huyo aliyekosa ni mimi.

Wala sikusahau. Ningesahau ningekuwa na nafuu. Siku ile wakwe wa Hafsa walikuwa wanakuja kufuturu kwa mara ya kwanza, kututazama kabla ya kuleta posa. Nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi ya tano. Nikasikia adhana ya adhuhuri, nikasema nikimaliza nazi hii nakwenda. Nikamaliza, nikaona mihogo haijamenywa. Saa nane ikapita. Nikajiambia jana maji hayakufika juu, leo nayo hayatafika, na hata nikichelewa kidogo. Nikaenda kukoroga tambi. Saa tisa na nusu nilisimama mlangoni, nikaona kwa mbali maji yanavyong'aa kati ya mikoko, nikajua. Nikarudi jikoni nikaendelea kupika. Wageni walifuturu vizuri. Walisifu tambi.

Wenzetu walipokuja kuniita kwamba tuta limevunjika, mtu wa kwanza aliuliza leo ni zamu ya nani. Mimi, binti wa Shehe, ambaye baba yangu miaka thelathini alipanda kwenye magofu na macho yake mwenyewe kuutafuta mwezi, akagombana na ndugu zake wa tumbo moja kwa sababu ya siku moja ya tofauti, mimi niliyezaliwa na kufundishwa kwamba mwezi wa redio si mwezi, nikafungua mdomo nikasema leo ni kumi na tano. Neno hilo lilitoka kabla sijalifikiria. Nilihama mwezi wa baba yangu mbele ya watu, na nilipohama, kosa likakuangukia wewe.

Ulipoomba radhi nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Ulinitaja na mimi jina, ukasema Mama Hafsa nisamehe. Nikakwambia nimekusamehe. Nalisikia neno hilo mpaka leo, nikila nalisikia, nikisali nalisikia. Nakuchukia wakati mwingine kwa kuliomba. Unaona nilivyofika.

Juzi Jumatatu niliwaita wanawake wote pale kwenye kibanda nikawaambia. Nilifikiri watanipiga, na nilitaka wanipige. Hakuna aliyeshtuka, Mama Lea. Zuwena alitazama chini. Bi Asmahani akaniambia, nakunukulia alivyosema: “Zuleha, mwanangu, mwanamke gani wa Tongoni hajui nyumba ya Shehe inafunga siku gani?” Walijua. Walijua dakika ile ile niliyosema kumi na tano. Walijua wakati Zuwena anakata jina lako, na Zuwena mwenyewe alijua akiwa na kalamu mkononi.

Nikawauliza basi mbona mlinyamaza. Wakaanza kusema kila mmoja lake, kwamba Hafsa alikuwa na posa, kwamba mimi nina midomo mingi ya kulisha na watoto wa ndugu wengi, kwamba kunifukuza mimi kungegawa kijiji. Mwisho Bi Asmahani akasema ukweli. Alisema wewe ulikuwa na pa kwenda. Ulikuwa na Pongwe. Ukiondoka wewe hakuna harusi wala msiba wetu utakaoingia ufa. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kupanga mkeka, na wote wakatikisa kichwa, na mimi nikaona kwamba miezi minane nimejifungia peke yangu ndani ya siri ambayo haikuwa siri.

Niliwaambia Alhamisi nitasema mbele ya wageni. Hapo ndipo walipokasirika. Walisema nikisema nitakuwa nimewaumbua wote, kwamba bwawa litavunjika safari hii bila maji, kwamba nataka kujisafisha kwa aibu yao. Mmoja akaniambia nimezoea kusifiwa, na sasa nataka kusifiwa hata kwa kutubu. Hilo liliniuma kwa kuwa sijui kama ni uongo.

Kisha wakapata njia yao. Jumapili baada ya misa watakuja Pongwe kwa mama Bibiana. Bi Asmahani atakuwa mbele, na Zuwena, na wengine watatu. Watakuletea doti ya kanga na sinia la halua. Watakwambia kikundi kimekaa kikaona yaliyopita yamepita, na kwamba wamekusamehe, urudi, jina lako liandikwe tena, na Alhamisi usimame pamoja nasi kwenye picha. Watasema kwa mapenzi, na nakuhakikishia mapenzi yenyewe ni ya kweli, Bi Asmahani atalia. Nawe jinsi nilivyokujua utalia pia, na utawashukuru.

Usikubali. Ndiyo maana Noa nimemkimbiza. Wakija kukusamehe, waulize wanakusamehe nini. Waulize hivyo tu, kisha nyamaza, uwaache wajibu. Na wakikwambia mambo hayo ni ya zamani, waonyeshe karatasi hii. Nimeandika jina langu kamili chini, na Noa ameniona nikiandika. Iwe ni yako, uipeleke popote unapotaka, kwa paroko, kwa Bwana Sabiri, kwa mtendaji, au uitie motoni. Sina tena haki ya kukuchagulia.

Alhamisi saa nne nitasimama langoni. Nimekusudia kusema ilikuwa zamu yangu, na kusema udongo ule ni wa babu yako. Lakini kwa kuwa nakwambia kweli leo, nikwambie na hii: sijiamini. Nikiona kamera na wanawake wote wamevaa sare, na Hafsa amekuja na mama mkwe, ulimi wangu unaweza kukimbia kama ulivyokimbia siku ile. Ninaweza kurudisha tuta mara tatu, lakini kusema maneno matatu mbele ya watu wanaonipenda sijawahi kuweza. Ukija ukasimama mahali ninapoweza kukuona, nadhani nitasema. Usipokuja, nitajaribu bila wewe.

Neno la mwisho, nalo ndilo zito. Katika barua hii nzima sikukuomba msamaha, na utakuwa umegundua. Sikuacha kwa kiburi. Nakujua moyo wako. Nikikuomba utanipa hapo hapo, kabla hujamaliza kukunja karatasi, na mimi nikishapewa nitalala usingizi, na nikilala usingizi Alhamisi nitasimama langoni niwaambie wageni habari ya kutokata tamaa. Nakuomba unifanyie kitu kimoja tu, shoga yangu. Usinisamehe bado. Hata moyoni, usinisamehe kabla ya Alhamisi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, Castory, Lea, na majirani wanaonikumbuka. Mama Bibiana narudia kumpa shikamoo. Hafsa angekusalimu lakini hajui kwamba nakuandikia. Atajua siku ile ile watu wengine watakapojua. Mungu awalinde mpaka tutakapoonana, kama utataka tuonane.

Ni mimi,
Zuleha binti Shehe Mudathir.